Unga wa Majimbo Manane

Dorika alifuga hofu kama wenzake wanavyofuga kuku: asubuhi anazifungulia zinazunguka uani, jioni anazikusanya na kulala nazo ndani. Mvua ikichelewa, hofu. Mtoto akikohoa, hofu. Mumewe Isaka alipopata kazi kwenye genge la reli kule Manyoni, Dorika aliliogopa gari moshi kabla hajajua lina sura gani. Lakini mwaka ule, Mwingereza akiwa bado anatawala na bendera yake ikipandishwa kila asubuhi bomani Singida, hofu zake zote ndogondogo zilimezwa na moja kubwa. Hofu hiyo ilikuwa na jina. Iliitwa darasa la nne.

Binti yake Yunisi alikuwa darasa hilo katika shule ya misheni, mwendo mfupi kutoka Ihanja. Wavulana wakimaliza la nne walikuwa na pa kwenda. Wasichana walikuwa na shule moja tu ya bweni, mbali, nayo ilichukua wachache kama chumvi kwenye mboga. Kila mwaka, kabla mvua hazijaanza, mwalimu wa kike alitoka huko akapita shule kwa shule kuwapima wasichana mwenyewe, tena kwa mdomo, si kwa karatasi.

"Akichukuliwa, aende," Isaka alisema alipokuwa anafunga mzigo wa kurudi Manyoni. "Nitauza hata ng'ombe. Asipochukuliwa, basi. Wazee wameshaanza kuniulizauliza."

Dorika hakuhitaji kuambiwa wazee wanauliza nini. Ng'ambo ya mbuga kulikuwa na boma lenye vijana wa kuoa. Yeye mwenyewe alisoma mpaka darasa la pili tu, katika shule ya nyasi ambayo mvua ikinyesha inafungwa. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuunganisha herufi, baba yake akamtoa aolewe. Mpaka leo alisoma kwa kidole, na akikutana na neno refu alikaa kwanza akapumzika. Hakutaka Yunisi apumzike kwenye neno lolote.

Tatizo la Yunisi lilikuwa kuuliza. Mtoto huyo hakuacha kitu kipite. "Mama, kuku akinywa maji, kwa nini anatazama juu?" "Mama, mtu wa kwanza kusema Kiswahili alikuwa anazungumza na nani?" Ukimjibu, jibu lako linazaa swali. Usipomjibu, anakukodolea macho mpaka unajiona umeiba kitu.

Siku moja Mwalimu Ezekieli alipita nyumbani, akanywa uji wa uwele uliochanganywa na maziwa, akapangusa masharubu.

"Mama Yunisi, mtoto wako ana akili. Lakini ni akili ya mbuzi. Inaonja kila jani, haishibi hata moja. Namfundisha majimbo ya Tanganyika, ananiuliza ng'ombe akivuka mpaka wa jimbo anajuaje. Darasa zima linacheka, somo limekufa. Mgeni akija hatakuja kuulizwa, atakuja kuuliza. Na mwanao atakuwa hana cha kujibu."

Katika maneno yote hayo Dorika alisikia matatu: akili ya mbuzi.

Usiwe mwepesi kumcheka. Mama akiambiwa mtoto wake ana upungufu, hulala na hilo neno moja, na mengine mazuri yote huyaacha nje yaliwe na fisi.

Kesho yake alikuwa amepiga magoti kwenye jiwe la kusagia, anasaga uwele, na mdomo wake unaimba wimbo wa Kinyaturu wa bibi yake, ule mrefu unaotaja vilima na madume ya ng'ombe kwa majina. Alipofika mwisho ndipo aliposhtuka. Wimbo ule hakuwahi kukaa akajifunza. Hakuwahi kusahau hata dume mmoja. Jiwe likianza kwenda na kurudi, wimbo unakuja wenyewe kama ndama aliyesikia sauti ya mamaye.

"Yunisi!"

"Abee, Mama."

"Njoo hapa, shika jiwe. Yale majimbo ni mangapi?"

"Manane. Mama, kwa nini..."

"Saga!"

Basi ikaanza. Mkono ukisukuma, Jimbo la Kati. Mkono ukirudi, la Magharibi. Ukisukuma, la Ziwa. Ukirudi, la Kaskazini. Tanga, Mashariki, Kusini, Nyanda za Juu. Kisha unarudi mwanzo, unga unamwagika kwenye ungo. Dorika alichuchumaa pembeni na kijiti mkononi, hakumpiga nacho, alipigia tu mdundo. Majimbo yalipoingia, wakatia hesabu za kuzidisha: saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne. Hesabu zilipoingia, wakatia maswali ya dini, mito, sehemu za mmea, magonjwa yaletwayo na inzi. Yunisi akifungua mdomo kuuliza, mama yake alikuwa na neno moja tu.

"Saga! Usifikiri, jibu!"

Na kweli mtoto akashika. Akashika mpaka majirani wakaja kusikiliza. Rahabu, dada yake Isaka, ambaye ulimi wake haukuwahi kulala njaa, alichota unga kwa vidole akauonja.

"Wifi, unga wenu siku hizi ni laini hivi! Huu ni wa uwele au wa majimbo manane?"

"Cheka tu, wifi. Mtoto akienda bweni utakuja kuniomba nikufundishie wa kwako."

"Wa kwangu mwache alivyo. Akisaga sana atakuja kukohoa mito."

Dorika alicheka naye siku hiyo. Alikuwa na furaha. Hata Mwalimu Ezekieli alimpongeza mbele ya kanisa, akasema Yunisi sasa anajibu kama maji ya mfereji.

Ila kulikuwa na vitu vidogo. Ukimuuliza Yunisi saba mara nane ni ngapi, hakuweza kwenda moja kwa moja. Alianzia saba mara moja, mikono inakwenda mbele na nyuma hewani, akapanda mpaka akaifikia. Ukimkatiza njiani, alirudi mwanzo. Halafu uani kukawa kimya. Kuku walikunywa maji wakatazama juu, na hakuna aliyeuliza. Dorika aliuona ukimya ule akauita utulivu. Akajisemea, mtoto amekua.

Ikawa siku moja Dorika yuko juu ya paa bapa la tembe, anakandika udongo kuziba nyufa kabla ya mvua, akasikia kilio. Kilitoka upande wa barabara, kilio cha wanawake wengi. Akasimama, mikono imejaa matope. Akamwona Rahabu mbele, kanga imemvuka kichwani, anakuja mbio huku anajipiga kifua.

"Kaka yanguuu! Isaka kaka yangu, umetuachia nani!"

Lile gari moshi alilolihofia tangu mwanzo lilimpitia Dorika kichwani na moshi wake wote. Hakujua ameshukaje. Alijikuta chini anagaagaa, matope mpaka kwenye nywele, analia kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake. Wanawake wakamzunguka. Wanaume wakakaa upande wao, na mmoja ameshachukua shoka aende kutafuta kuni za matanga.

Katikati ya kilio hicho Yunisi akatokea kisimani, mtungi kichwani. Akasimama.

"Nani amekufa?"

"Baba yako, mwanangu!" akalia Rahabu. "Baba yako!"

Mtungi ukaanguka ukapasuka. "Nani kasema?"

Watu wakatazamana. Aliyekuwa amelia sana akanyamaza kidogo. Mmoja akasema amesikia kwa fulani, fulani akasema amesikia kwa Mzee Mghenyi. Mzee Mghenyi mwenyewe alikuwa amekaa kwenye gogo, kofia yake ya kiua mkononi, ameinamisha kichwa. Akainua uso.

"Nimeambiwa na wewe," akamwambia Yunisi.

"Mimi?"

"Wewe! Asubuhi, njiani. Umeniamkia vizuri shikamoo, nikaitika marahaba. Nikakuuliza, baba yako yuko wapi siku hizi? Ukaniambia, yuko mbinguni, anatuona sote. Nikakuuliza, mbinguni kweli? Ukasema, kweli na milele. Mtoto mzima, macho makavu! Nikasema, Mungu wangu, amepigwa na bumbuwazi la msiba. Nikaenda kuwaita watu."

Mikono ya Yunisi ilikuwa imeanza kwenda mbele na nyuma.

"Lile ni la maswali ya dini," akasema kwa sauti ndogo. "'Baba yako yuko wapi' ndilo swali. Nami nikajibu."

Aliyeanza kucheka ni yule mwenye shoka. Halafu wakacheka wote, kicheko cha watu waliotoka kaburini, wanafuta machozi ya kilio kwa machozi ya kicheko. Mzee Mghenyi, ambaye dini yake ilikuwa nyingine, alivaa kofia akasimama.

"Basi, mjukuu wangu, kwa kuwa baba yako yuko huko juu, mwambie atufungulie mvua. Visima vinakauka."

Rahabu alikung'uta vumbi kwenye magoti. "Nilikuambia, wifi. Huu unga utatuua."

Watu wakaondoka wakisimuliana. Dorika hakucheka. Alipaswa kushukuru, mumewe mzima, na moyoni alishukuru kweli. Lakini alimkalisha Yunisi kwenye ngozi, akamwangalia usoni kama mtu anayeangalia ndani ya chungu.

"Mzee alipokuuliza, hukumfikiria baba yako wa Manyoni?"

"Sikufikiri, Mama," Yunisi akasema. "Wewe ulisema nisifikiri, nijibu."

Neno hilo lilimwingia Dorika pale kijiti chake cha mdundo kisipofika. Aliona kile alichokuwa anakiita utulivu. Akili ya mbuzi aliyoichukia alikuwa ameichinja kwa mikono yake, na sasa hakujua kama nyama inaweza kurudi kuwa mbuzi.

Akaanza kutengua. Akamkataza Yunisi asikaribie jiwe, akasaga mwenyewe. "Sasa niambie hivihivi, saba mara nane?" Mtoto anatazama chini. "Majimbo?" Machozi. "Nipe jiwe kwanza, Mama, ndiyo nitajua." Akimpa, anajua yote. Akimnyang'anya, hajui hata moja. Dorika akajaribu kumchokoza aulize: akamwonyesha kinyonga, akamwonyesha kimbunga cha vumbi kinachotembea mbugani. "Huoni ajabu, Yunisi? Huulizi?" Yunisi aliitika "Ndiyo, Mama", kwa adabu, na adabu ile ilimchoma kuliko utundu.

Siku chache baadaye Isaka akashuka kwenye lori barabarani, mzima, mfuko begani, akafika nyumbani amenuna.

"Nimesikia Ihanja kwamba nimekufa. Mwenye duka ameniamkia kwa mbali kwanza, anatazama kama nina kivuli."

Walipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini. Jioni ile alikula ugali wake na mlenda, anaeleza habari za reli, jinsi injini inavyokunywa maji kama tembo. Akanyamaza akisubiri. Yunisi alikuwa pembeni, anakula. Isaka akaendelea, akasema injini ikishuka mlima inashikiliwa isikimbie. Akasubiri tena. Hakuna kitu.

"Dorika," akasema, ameweka sahani tupu chini. "Umemfanya nini mtoto wangu? Nikija hapa huwa naulizwa mpaka ugali unapoa. Leo nimemaliza sahani."

Dorika alikusanya vyombo akatoka navyo uani. Mgeni wa bweni alikuwa anakuja wiki hiyo hiyo.

Mgeni alikuja na lori la pamba. Aliitwa Mwalimu Raheli, mwanamke mfupi, Mnyiramba wa upande wa Kiomboi, amevaa viatu vya turubai, na siku hiyo alikuwa na mafua mabaya. Vumbi la njiani lilimtia chafya kila mara. Alikaa darasani, wasichana wakaingia mmoja mmoja, na Mwalimu Ezekieli amesimama kwenye kona kama mtu anayehukumiwa yeye. Nje, mama za watoto walikaa chini ya ukuta. Dorika alikaa chini ya dirisha lenyewe. Halikuwa na kioo, shimo tu, na kila neno lilimfikia.

"Yunisi binti Isaka. Haya, nitajie majimbo ya Tanganyika."

Kimya.

"Umesikia? Majimbo."

Dorika alikaza meno. Akalisikia jasho likimtembea mgongoni kama siafu.

"Tujaribu hesabu. Saba mara nane."

Mwalimu Ezekieli akakohoa kwenye kona yake. "Anajua, Mwalimu. Huwa anajua."

"Simuulizi huwa. Namuuliza leo."

Hapo chini ya dirisha, kando ya msingi wa mawe, palikuwa na jiwe la ukubwa wa ngumi. Dorika alijua vizuri anachotaka kufanya. Alijua jiwe ndilo lililomharibu mtoto. Lakini ukimwona mtoto wako anazama, humtupii mafundisho ya kuogelea, unamtupia kamba, hata kama kamba hiyo ndiyo iliyomfunga. Akalishika jiwe. Akaliburuza kwenye msingi. Krrr, kwenda. Krrr, kurudi.

Ndani, sauti ndogo ikaanza. "Jimbo la Kati... la Magharibi..." Krrr. "La Ziwa... la Kaskazini..." Ikapanda, ikapata nguvu, ikakimbia.

Chafya ikalia, halafu kichwa cha Mwalimu Raheli kikatokea dirishani, leso puani. Kikatazama chini.

"Nani anasaga hapa?"

"Mimi, Mwalimu. Shikamoo." Dorika alikuwa mkubwa kwake kwa umri, lakini hofu haina umri.

"Unasaga nini, mama?"

"Sisagi kitu, Mwalimu."

"Nasikia kwa masikio yangu."

"Nasaga..." Dorika akameza mate. "Nasaga majimbo."

Mama wote chini ya ukuta wakalipuka kwa kicheko. Mwalimu Raheli hakucheka. "Ingia ndani," akasema. "Jiwe liache hapo."

Dorika akaingia. Mwalimu Ezekieli alitazama dari kama anayeomba limwangukie. Dorika akaambiwa aketi kwenye dawati dogo la mtoto, magoti yakamfika kidevuni.

"Mikono kichwani," akasema Mwalimu Raheli. "Isije ikasaga tena."

Akaweka mikono kichwani. Hivyo ndivyo wanavyoweka wanafunzi watundu, na ndivyo wanavyoweka waliofiwa, na Dorika aliona kwamba yeye ni wote wawili. Yunisi alimtazama mama yake hivyo, mikono juu, macho yamejaa maji. Kitu kikapita usoni mwa mtoto.

Mwalimu Raheli akapenga kamasi, akakunja leso. "Sasa mimi sikuulizi tena. Wewe niulize."

Yunisi akatoa macho.

"Ndiyo. Mimi nimechoka kuuliza, nimeuliza tangu juzi. Niulize chochote."

Inzi alizunguka darasani. Dorika alimfuata kwa macho, kwa kuwa hakuweza kumtazama mwanawe. Uliza, mwanangu, aliomba moyoni. Uliza hata habari za kuku.

"Kama Kiswahili kinakubana, uliza kwa lugha ya nyumbani," akasema Mwalimu Raheli.

Yunisi akainamisha kichwa. Halafu, polepole, kama anayevuka mto kwa kupapasa mawe, akasema kitu kwa Kinyaturu.

Mwalimu Raheli akakunja uso. Kinyiramba chake kilimfikisha nusu ya njia. "Nimesikia mkono. Mkono umefanyaje? Mama, amesema nini?"

Dorika alikuwa amesikia yote. Lilikuwa swali la ajabu, halikuwa na adabu ya shule. Na mgeni hakulielewa. Palepale hofu yake ikamnong'oneza: libadilishe. Sema ameuliza habari za majimbo, kitu kizuri, cha darasani. Mdomo ukafunguka kusema uongo huo. Kisha akamwona Yunisi anamsubiri, anasubiri kusikia swali lake litoke salama kinywani mwa mama yake au lisagwe kama mengine.

"Anauliza," Dorika akasema, "haya mambo anayoyajua, yako kichwani au yako mkononi? Kwa sababu mkono ukisimama, nayo hayapo. Anauliza kama ni ya kwake, au ni ya jiwe."

Mafua ya Mwalimu Raheli yakasubiri. Alimtazama Yunisi kwa muda, kama mtu aliyeinua jiwe akakuta maji chini yake.

"Sijui," akasema mwishowe. "Kusema kweli, sijui. Nimefundisha siku nyingi na hakuna aliyeniuliza. Wewe mwenyewe unaonaje?"

Safari hii Yunisi alijibu kwa Kiswahili. "Majimbo naona yako mkononi." Akafikiri. Dorika aliona kabisa anafikiri: nyusi zilikutana, ulimi ukatoka pembeni. "Lakini hili swali halikuwa mkononi. Sijui limetoka wapi."

"Aha," akasema Mwalimu Raheli. "Basi nenda huko huko lilikotoka, ukaniletee saba mara nane. Mikono nyuma. Sina haraka."

Yunisi akafunga mikono nyuma. Akatazama juu, akatazama dirishani. Midomo ilijaribu kuanzia saba mara moja, akatikisa kichwa akakataa. Dorika alibana vidole vyake kwenye nywele.

"Saba mbili ni kumi na nne," Yunisi akasema taratibu. "Kumi na nne mbili... ishirini na nane. Hizo ni saba nne. Na nane ni nne mara mbili. Kwa hiyo ishirini na nane tena na ishirini na nane." Akanyamaza. Akatabasamu kabla hajasema. "Hamsini na sita!"

"Nani kakufundisha njia hiyo?"

"Hakuna. Nimepita mwenyewe."

"Mimi sikuwafundisha hivyo," akasema Mwalimu Ezekieli kutoka kwenye kona, na haikujulikana analalamika au anajisifu.

Mwalimu Raheli akapiga chafya kubwa, akapangusa macho. "Na yale majimbo usiyatupe. Umeyabeba kwa jasho, yabebe. Ila sasa yatafutie njia ya kuingia bila jiwe, ukitaka la sita uende la sita, usilazimike kuyaamsha yote." Akamgeukia Dorika. "Mama, mwezi wa kwanza aje. Alete blanketi, sahani na jembe. Unaweza kushusha mikono."

Dorika akajaribu kuishusha. Ilikuwa imekufa ganzi. Yunisi akaja akamshushia, mmoja, halafu wa pili, akaikanda. Ndipo Dorika alipolia, kilio cha chinichini, kitamu, cha mtu aliyekuwa amebeba mzigo tangu asubuhi akaambiwa autue.

Wewe mama mwenye mtoto shuleni, usinielewe vibaya. Kusoma si kubaya, na kukariri si kubaya. Mtoto asiyeshika kitu hana cha kufikiria. Lakini akili ya mtoto ina viungo vyake kama mwili: kuna cha kushika, kuna cha kuuliza, kuna cha kutafuta njia. Ukifanyisha kazi kimoja tu na vingine ukavifunga kamba, usishangae siku moja ukilia matanga ya mtu aliye hai. Dorika aliponea. Si kila mama huponea.

Walirudi kwa miguu, jua limepoa, njia nyeupe kati ya mashamba yaliyosubiri mvua. Isaka alikuwa anawangoja nyumbani na Dorika alitaka kukimbia kama msichana. Yunisi alitembea nyuma yake, kimya, na ule ukimya ukaanza kumtia hofu tena, kwa mazoea. Mara akamsikia.

"Mama."

"Abee!" Dorika aliitika kwa haraka mpaka akajicheka, mama kumwitikia mtoto hivyo.

"Mwalimu Raheli amesema hajui."

"Amesema."

"Mwalimu anaweza asijue?"

"Anaweza."

Hatua kadhaa.

"Na wewe, unaweza?"

"Mimi?" Dorika akasimama, akapumua hewa yote ya mbuga. "Mimi, mwanangu, sijui mengi sana."

"Kama nini?"

Basi akaanza kumtajia. Alitaja kwa kubahatisha, lililomjia, na kila alilotaja Yunisi alilidaka akalirudisha na mkia mwingine. Walipofika karibu na nyumbani, Isaka, aliyekuwa amesimama uani anawachungulia, alizisikia sauti zao mbili zikiparuzana kabla hajaziona sura, akarudi ndani kuketi, akasogeza kigoda kingine pembeni yake, kwa kuwa alijua chakula cha jioni hiyo kitapoa.